Walakini ya Habakuki

Mama yangu haanzi kupima mavuno kwa ajili ya kihenge. Anaanza na debe la Mungu. Mahindi yakishapigwa na kupepetwa, anatandika turubai uani, anamwita jirani amshikie mdomo wa gunia, kisha anachukua debe lake la bati lililobonyea upande mmoja. Analijaza mpaka juu na kulisawazisha kwa kiganja. Halafu anachota tena viganja viwili na kuvimwaga pale katikati taratibu, mpaka pafanye kichuguu. Debe hilo linakwenda kwenye mfuko wa peke yake, unafungwa kwa kamba ya katani na kuwekwa chini ya kitanda. Hapo ndipo anarudi kuhesabu ya kwake, na hayo ya kwake yanaishia kwenye kiganja. Hayana kichuguu. Akimaliza, kama madebe yamezidi kumi anaongeza la pili la Mungu, na kuendelea. Kama hayakufika kumi, lile la kwanza halipunguzwi.

Nyumbani kwetu ni upande wa Kongwa. Ukitoka Dodoma mjini unafuata barabara ya Morogoro mpaka Mbande, hapo unaiacha barabara kuu. Asiyeijua nchi yetu anaweza kuona debe moja la mahindi ni kitu kidogo, kwa hiyo naomba nieleze. Sisi tuna mvua moja kwa mwaka. Kifuku kinaanza Desemba, kikichelewa Januari, na ikifika mwisho wa Aprili mbingu zimefungwa. Kinachofuata ni miezi saba ya vumbi na upepo, mibuyu imesimama uchi, mbuzi wanakula maganda. Ulichokiingiza kwenye kihenge mwezi wa sita ndicho kitakachokuvusha mpaka mwaka mwingine. Ukitoa debe la kwanza, umetoa siku kadhaa za chakula ambazo Januari utazitafuta kwa tochi.

Na watu wetu hawakuwa wageni wa njaa. Ugogo, nchi yetu Wagogo, njaa zina majina, kama watoto. Bibi mzaa mama alilelewa na watu waliopona Mtunya, njaa ya mwaka 1917 mpaka 1920, wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza. Majeshi yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakosa. Bibi alikuwa hatupi hata punje iliyoangukia mavumbini. Akiiona anainama, anaiokota, anaipuliza. Mwanamke aliyemlea mama yangu ndiye huyo, kwa hiyo mama anapofunga ule mfuko kwa katani anajua vizuri anafanya nini.

Mimi ndiye niliyesoma katika familia, na kwa miaka mingi nilijiona nina hesabu nzuri kuliko yeye. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma mjini. Mwaka mmoja nilimwambia, "Mama, usipeleke mahindi kanisani mwezi huu, bei iko chini. Yahifadhi. Januari tutayapeleka soko la Kibaigwa, debe hilohilo litakuwa na thamani mara mbili, halafu utoe pesa."

Alikuwa anachambua mlenda. Hakuinua kichwa. "Mvua aliileta Desemba, mwanangu. Hakuniambia nisubiri bei."

Nilicheka, nikaliacha. Sikujua kwamba neno lile lingenirudia baadaye.

Tangazo la Julai 2016 kwamba serikali yote inahamia Dodoma lilitukuta wengi tumelala. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa zamani, wa mwaka 1973, na wazee wetu walikuwa wameuzoea kama ahadi inayozeeka pamoja nao. Safari hii ukawa kweli. Wizara zikaja, wafanyakazi wakaja na familia zao, mji wa serikali ukaanza kujengwa Mtumba, na Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Kodi za nyumba zilipanda. Katika ofisi ya walimu, saa ya chai, hadithi ikawa moja tu: viwanja. Nani kapata wapi, kwa bei gani, kimepimwa au hakijapimwa, bikoni, yale mawe ya mipaka, zimewekwa au bado. Mwenzetu mmoja aliuza kiwanja alichokinunua miaka mitatu nyuma na kulipa ada za watoto wote watatu. Baada ya hapo hakuna aliyebaki na amani.

Nilichukua mkopo wa miaka mitano unaokatwa kwenye mshahara. Baba watoto aliniuliza mara mbili kama nimefanya upekuzi wa kutosha, nikamwambia dalali ni mtu wa kanisani. Nilinunua kiwanja cha mita 20 kwa 30 pembezoni mwa mji. Mkataba wa mauziano niliuweka kwenye mfuko wa ndani wa kava la Biblia yangu, lile kava jeusi la zipu ambalo wengi wetu tunalo. Niliona hapo ndipo mahali salama kuliko pote ndani ya nyumba.

Nataka niseme ukweli juu ya mfuko ule. Kwa karibu miaka miwili niliifungua Biblia ile kila siku, na mara nyingi zaidi niliifungua kwa ajili ya karatasi. Nilikuwa naitoa, naikunjua, nasoma jina langu, natazama sahihi, naikunja tena. Kisha nasoma Zaburi moja haraka haraka, nalala nimeridhika, na nikadhani ile ni amani ya Mungu.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunakwenda kukiona. Nilipanda mwarobaini pembeni, nikawa nabeba maji kwa dumu la lita tano kuumwagilia. Nilikizunguka kiwanja mara saba nikiomba, kama Yeriko, ila mimi nilikuwa naomba kuta zisimame. Na nilitoa ushuhuda. Nilisimama mbele ya kanisa na bahasha ya sadaka ya shukrani, nikasema Bwana amenitoa kwenye nyumba ya kupanga na kunipa ardhi ya urithi wangu. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mtu mmoja kiti cha nyuma alisema kwa sauti, "Nami napokea!"

Yaliyofuata ni mafupi, na wakazi wengi wa mji huu wanayajua. Jumapili moja tulikuta lori limeshusha mawe, msingi umechimbwa, na mwarobaini wangu umelala juu ya kifusi mizizi ikiwa juu. Mwenye msingi alikuwa mzee mstaafu. Hakunifokea. Alinikaribisha kwenye kivuli cha turubai, akamtuma kijana alete soda, akanitolea karatasi zake moja baada ya nyingine. Zilikuwa za miaka miwili kabla ya zangu, zenye mihuri ambayo yangu haikuwa nayo. Muuzaji alikuwa mmoja. "Pole, binti yangu," aliniambia, "na mimi nimekisotea." Namba ya dalali ilikuwa haipatikani, na haijapatikana mpaka leo. Nilizunguka ofisini miezi kadhaa, kisha nikaacha.

Makato hayakuacha. Kila mwisho wa mwezi hati ya mshahara ilinionyesha kiasi kilekile kimekwenda kulipia msingi wa nyumba ya mtu mwingine.

Sikuacha kwenda kanisani. Pengine ingekuwa rahisi kueleza kama ningeacha. Nilikwenda, nikaimba, nikaitika "Amina" pale anapoitika kila mtu. Kiongozi akisema "Mungu ni mwema," mdomo wangu ulijibu "kila wakati," na moyo ukabaki nje umekaa kwenye kifusi. Kilichoniuma kuliko pesa ni ule ushuhuda. Nilikuwa nimesimama mbele za watu nikamshukuru Mungu kwa kitu ambacho, kumbe, siku ile kilikuwa tayari cha mzee wa watu. Nilimshukuru kwa nini basi? Na zile shangwe zilikuwa za nini? Nilifikiri mpaka nikaona kitu cha kutisha: kama Mungu angeniondoa mimi kwenye ile sala yangu ya shukrani, na kujiondoa na yeye mwenyewe, kiwanja kingebaki na sala ingekamilika. Shukrani yangu ilikuwa na bikoni nne. Nje ya mita 20 kwa 30 sikuwa na neno la kumwambia.

Nasema hili kwa upole kwa sababu ni kanisa langu na nalipenda, lakini tujitazame. Sikilizeni shuhuda zetu. Kiwanja, gari, cheo, mtoto kafaulu, viza imetoka. Zote ni halali, na ni vizuri kushukuru. Ila ni lini mara ya mwisho mtu alisimama na bahasha akasema, "Nimefiwa, nimedaiwa, sina kitu, nimekuja kumshukuru Bwana"? Akisimama tutamwombea. Tutamzunguka na kumwekea mikono kana kwamba ameumwa.

Msimu uliofuata mvua ilikatika Februari. Mahindi ya mama yalikauka yakiwa yanatoa mbelewele. Ukishika jani linavunjika mkononi kama karatasi iliyoungua. Mtama ulijitahidi kidogo. Nilikwenda likizo ya Juni kumsaidia, na kazi ambayo kwa kawaida huchukua siku nne tuliimaliza kabla ya adhuhuri. Kwenye turubai palikuwa na kirundo ambacho mtoto angeweza kukiruka.

Mama alilichukua debe. Nilimtazama akilijaza, akalisawazisha kwa kiganja, akachota viganja viwili. Kichuguu kikasimama. Nyuma yake kilichobaki kilikuwa kama madebe mawili hivi, hayakufika matatu.

Nikasema neno ambalo mtoto hapaswi kumwambia mzazi wake. Nilisema, "Mama, huyo Mungu anakula?"

Jirani aliyeshika gunia aliangalia pembeni. Mama alimimina, akafunga kamba ya katani, akaupeleka mfuko ndani. Hakunijibu. Tulikula ugali na mlenda mkavu kimya, na nilijua nimemkosea.

Usiku, tumekaa nje, umeme umekatika na nyota zimeshuka kama zinavyoshuka kiangazi nchi yetu, ndipo alipozungumza. Alisema baba alipofariki alibaki na watoto watano na ng'ombe watatu. Mimi nilikuwa mdogo, siwakumbuki wale ng'ombe. "Niliwapenda kuliko ninyi," alisema, na hakuwa anatania. "Nilikuwa naamka usiku mara mbili kwenda zizini kuwahesabu. Watatu! Mtu unawahesabuje watatu? Nikirudi ndani ndipo nasali, na ninachosema ni asante kwa sababu wapo. Kukawa na ugonjwa, wakafa wote ndani ya wiki mbili. Asubuhi ile nilipiga magoti nikakosa la kusema. Nilitafuta neno, halipo. Nikajiuliza, mimi nilikuwa nasali kwa nani?"

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mwaka ule tulipata madebe sita. Nilipima la Mungu kwanza, kabla sijajua ya kwangu yatakuwa mangapi. Nilitaka kumwambia kwamba safari hii nimemwona yeye kwanza."

Jumapili ya Mavuno niliubeba mfuko mimi kichwani mpaka kanisani. Kanisa letu la kijijini ni la tofali za kuchoma, madirisha hayana vioo. Miaka ya neema mbele ya madhabahu panajaa maboga, karanga, kuku waliofungwa miguu, magunia, na baada ya ibada mnada unachangamka mpaka jua linazama. Mwaka ule palikuwa na mafungu machache, unaweza kuyaona yote bila kugeuza shingo. Lakini watu walikuja. Akina mama walicheza ngoma zao wakiingiza vitu, mama mmoja amebeba yai moja kwenye ungo, na anacheza kwa madaha kama aliyebeba gunia.

Mwinjilisti alisoma Habakuki sura ya tatu, mwisho mwisho. Nilikuwa naijua sura hiyo, ila sikuwahi kuisikia nikiwa nimekaa katikati ya shamba lililokauka. Nabii anataja mizabibu isiyo na matunda, mashamba yasiyotoa chakula, zizi lisilo na kundi, vibanda visivyo na ng'ombe. Ukitoa mtini na mzeituni, huyu mtu ameandika Dodoma. Ametembea Hombolo kwenye zabibu, amepita Kongwa mwezi wa tatu, ameingia kwenye zizi la mama yangu. Halafu likafuata lile neno: walakini. "Walakini nitamfurahia Bwana."

Sisi hili neno tunalitumia kila siku, na karibu kila mara ni baya. Kiwanja kina walakini. Ile ndoa ina walakini. Gari zuri, ila injini ina walakini. Kitu chenye walakini ni kitu kizuri chenye doa ndani yake. Nimekaa pale kwenye benchi nikaona nabii amelitumia kwa kuligeuza. Kwake mambo yote ni mabaya, amehesabu hasara moja moja bila kuficha, na ndani ya hasara hiyo kuna walakini moja, nayo ni Mungu. Maisha yangu nilikuwa nimeyaishi kwa ile nyingine. Bwana ni mwema, walakini sina nyumba. Bwana ni mwema, walakini nimeibiwa. Nilikuwa namwekea Mungu doa, kila siku, na kulipaka rangi ya sala.

Nikalia. Sikulia kwa kelele, machozi yalitoka tu, na mama aliyekaa pembeni akaniwekea kona ya kitenge chake mkononi bila kunitazama.

Tangu hapo nimekuwa mwangalifu na namna tunavyolisoma lile neno la Paulo kwa Wathesalonike, kwamba tushukuru kwa kila jambo. Mimi simshukuru Mungu kwa kuwa nilitapeliwa. Utapeli ni dhambi, na aliyeuza ardhi moja mara mbili ana hesabu ya kutoa. Wala simwambii mtu kwamba imani inatosha badala ya upekuzi rasmi wa ardhi. Nenda ofisini, hakiki namba ya kiwanja, muulize mwenyekiti wa mtaa, waulize majirani, ndipo utoe pesa. Paulo mwenyewe aliomba aletewe joho lake aliloliacha Troa, na vile vitabu. Alijua kuhitaji kitu. Ninachokisema ni kwamba katikati ya jambo lile baya yupo ambaye hakuuzwa mara mbili, na huyo ninaweza kumshukuru bila kusubiri karatasi yoyote itoke.

Bado tunapanga, chumba na sebule, mtaa wa Nkuhungu. Bado nataka nyumba. Kiangazi upepo ukipiga na vumbi likaingia chini ya mlango wa mwenye nyumba, naitaka sana. Ule mkataba niliutoa kwenye kava la Biblia na kuuweka kwenye faili pamoja na risiti za umeme. Yule mzee tunasalimiana. Amepaua sasa, na upande wa uani amepanda mwarobaini mwingine. Siku moja nikipita njia ile aliniita nikae kivulini.

Mwaka jana mkopo uliisha. Mwisho wa mwezi wa kwanza usio na makato niliitazama hati ya mshahara kwa muda mrefu. Kiasi kile kilikuwa kimerudi, chote, na orodha ya mahitaji ilikuwa tayari kichwani: sare za mtoto, godoro, deni la dukani. Nilikitoa chote kama kilivyo, noti kwa noti, nikakiweka kwenye bahasha, nikapanda basi la Jumamosi kwenda nyumbani ili kesho yake nikitoe kwenye kanisa lile la tofali.

Mama alikuwa uani. Nilimpa shikamoo, nikamwonyesha bahasha na kumweleza ni ya nini. Aliipima kwa mkono, akiitikisa taratibu kama anavyolitikisa debe ili nafaka zikae vizuri.

"Umesawazisha," alisema. "Kichuguu kiko wapi?"

Nikafungua tena pochi.